Yai la Mama Molikodo

Wazazi wenzangu wa Lubumbashi, kaeni vizuri mnisikilize. Leo sina mwizi wa kuwasimulia, sina mlevi, sina mwanamume aliyekimbia nyumba yake. Hao tumewasema mpaka midomo imekauka. Leo namsema mama mwema. Mwema kabisa, mama wa misa kila Jumapili, asiyetukana mtu, ambaye nusura amharibu mwanawe kwa mapenzi. Naona wengine mmeanza kukunja uso. Ngojeni kwanza.

Asubuhi moja mtaa wa Kasungami ulikuwa tulivu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mahindi nyuma ya nyumba yalikuwa yanang'aa. Kuku walikuwa wamekwisha kufunguliwa. Mama Hortense alikuwa amechutama mbele ya mbabula yake, lile jiko la bati la makala ambalo hakuna nyumba huku kwetu isiyokuwa nalo, na alikuwa anafanya kazi aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa anapika yai la mwanawe Merdi.

Yai lile lilikuwa na namna yake. Hortense alichemsha maji, kisha akaepua sufuria na kuiweka chini, akangoja mpaka maji yatulie kabisa. Hapo ndipo alipotia yai, akafunika, akazungushia kitambaa, akakaa kulilinda. Likitoka, ute mweupe umeshikana kidogo tu na kiini bado kinatiririka. Kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine hata siku moja.

Myriam, binti yake, aliyemwita kaka yake Merdi "yaya" kama tunavyowaita huku wakubwa wetu, aliingia uani na bidoni la maji kichwani. Alikuwa na miaka kumi na saba, na yeye ndiye aliyechota maji ya nyumba nzima, ya kuoga Merdi yakiwemo.

"Mama, yaya Merdi angali analala? Kazini banafungua sasa hivi."

"Umuache. Mvua ilinyesha. Haujue kifua chake?"

Kifua cha nani, ndugu zangu? Cha kijana wa miaka ishirini na minne, mabega kama mlango! Hortense alikuwa anafuta mkono ashike simu, ampigie Papa Ruphin, mwenye duka la betri za jua kule mjini alikofanya kazi Merdi, amwambie kwamba kijana hatakuja. Lakini simu ikalia yenyewe. Alikuwa Papa Ruphin.

"Mama, kabla useme mambo ya kifua, unisikilize. Merdi asikuye tena."

"Leo tu, Papa?"

"Leo, kesho, na siku zote. Kila mvua ikinyesha unanipigia simu weye. Sasa miye nilipatia kazi nani? Merdi, ao mama yake?"

Akakata. Hortense alibaki ameshika simu, amejaa hasira. "Wivu!" alisema. "Bantu ba huu muji, wivu itabaua." Akachukua yai, akaingia nalo chumbani, na kumweleza Merdi kwamba kazi imekwisha. Merdi alifungua jicho moja.

"Ah," akasema. "Yai iko tayari?"

Msimcheke Hortense upesi. Kabla ya Merdi alizika watoto wawili, wote kwa kifua, wote katika baridi ya mwezi wa sita, ile ya kwetu inayokata masikio. Merdi naye alipoanza kukohoa akiwa mchanga, mama huyu hakulala. Muuguzi mmoja alimwambia, mtoto akianza kula, ampe yai laini, lisilokauka. Akampa. Mtoto akapona, akanenepa, akaanza kutembea. Dawa ile haikuwahi kusimamishwa. Na pamoja na yai vikafuata vingine: mvua ikinyesha, asiende shule, wenzake wakicheza mpira, yeye akae barazani na sweta, akipelekwa kwa daktari, daktari akimuuliza inauma wapi, mama ndiye anayejibu. Hortense alikuwa na hofu, na hofu ile aliiita ulezi.

Mumewe, Papa Faustin, alikuwa mtu wa reli aliyestaafu, mpole, asiyependa kelele. Lakini siku ile ya Papa Ruphin aligonga meza. Akasema Merdi ataenda kusoma Kiingereza mjini, kwa sababu barabara ya Zambia imejaa malori na watu wa kuongea na madereva hawatoshi. Hortense alikubali kwa sharti moja: darasa liwe na dirisha lenye kioo.

Hapo ndipo lilipoingia lile neno.

Jioni moja Merdi alirudi kutoka darasani huku anacheka peke yake. Mwalimu wao, Madame Nkandu, Mzambia wa Ndola aliyeolewa huku kwetu, alikuwa ameandika ubaoni neno refu: mollycoddle. Darasa zima lilikuwa limelirudia mpaka ndimi zikagongana.

"Mama," Merdi alisema, akijinyoosha kwenye kiti, "leo tulifunda neno moja ya Kiingereza. Ni weye kabisa."

"Miye? Mu Kiingereza?" Hortense aliacha ufagio. "Iko namna gani?"

"Molikodo."

"Inasema nini?"

Merdi alimtazama mama yake, akatazama sufuria ya mayai mezani, akapiga miayo. "Inasema... mama mwenye anachunga mutoto wake sana."

Yo! Mngemwona Hortense! Alipiga makofi. Waingereza kule kwao, mbali namna hiyo, wana neno lake! Jumapili baada ya misa alilipeleka kwa akina mama wenzake. "Banataka nisijisifu, lakini Merdi alinisomea. Miye ni molikodo." Rafiki yake Laurentine, ambaye hajawahi kukosa nafasi ya kushangilia, akaanza papo hapo: "Mama Molikodo! Mama Molikodo!" Jina likashika. Watoto wa mtaa walimwamkia hivyo. Na kwa kuwa Hortense alikuwa anauza mayai kwenye kibanda kando ya barabara, alimwita mchoraji akamwandikia ubao kwa rangi nyekundu, kwamba hapa ni kwake: CHEZ MAMA MOLIKODO, MAYAI MAZURI.

Merdi alipita chini ya ubao ule kila siku akienda darasani. Alijua kusoma, tena alijua maana. Alinyamaza.

Mafunzo yalipokwisha, wazazi walialikwa ukumbini. Hortense alivaa kitenge kipya na kitambaa cha kichwa kilichosimama kama taji. Papa Faustin alibaki nyumbani na goti lake baya, kwa hiyo Myriam ndiye aliyemsindikiza. Wanafunzi walionyesha Kiingereza chao, watu wakapiga makofi, kisha wazazi wakaombwa kusema machache. Baba mmoja alishukuru. Mama mmoja alilia kidogo. Hortense alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bonjour yenu bote. Miye ni mama ya Merdi. Kule Kasungami hakuna muntu ananiitaka Hortense. Bananiitaka Mama Molikodo. Ni mutoto wangu njo alinipatia hii jina, na miye nasema mbele yenu: nilikuwa molikodo, niko molikodo, na nitakufa molikodo!"

Ukumbi ulilipuka. Wanafunzi walicheka wakashikana mabega, mmoja akateleza kutoka kitini. Hortense alicheka nao, akapunga mkono, maana alidhani ni furaha. Akamtafuta Merdi kwa macho ili wafurahi pamoja. Merdi alikuwa anatazama viatu vyake. Myriam alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Hapo kicheko cha Hortense kilimkauka mdomoni, na aibu ikamshika kuanzia miguuni. Hakujua kosa lake ni lipi, na hiyo ndiyo aibu mbaya kuliko zote.

Madame Nkandu aligonga meza mpaka ukumbi ukanyamaza. Yeye hakucheka. Alimshika Hortense mkono, akampeleka kwenye baraza, akamkalisha kwenye benchi.

"Mama, Merdi alikuambia lile neno linamaanisha nini?"

"Mama mwenye anachunga mutoto wake sana."

"Pale kwenye 'sana' ndipo neno linapoanza," Madame Nkandu alisema taratibu. "Ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. La kwanza, Moli. Ni jina la kumbembeleza Maria, kama ninyi mnavyofupisha majina ya wasichana nyumbani. Zamani Waingereza walilitumia kumcheka mwanamume anayeogopa upepo, anayekaa ndani amefunikwa. Walimwita Moli."

Hortense aliuliza: "Na ya pili?"

"La pili ni la jikoni. Ni kupika kitu polepole, hasa yai. Unalitia katika maji ya moto ambayo hayatokoti. Wengine wanasema neno lilitoka kwenye kinywaji cha vuguvugu walichowanywesha wagonjwa. Hapo wataalamu wenyewe hawajapatana. Lakini wote wanakubali ni mambo ya moto mdogo na mtu anayetendewa kama mgonjwa. Ukimfanyia hivyo mtoto mzima, asiyeumwa, ndiyo lile neno."

"Yai?" Hortense aliuliza.

"Yai, mama."

"Mu mayi ya moto yenye haitokote?"

"Ndiyo."

Hortense alitazama mikono yake. "Miye napikaka vile," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku. Nani aliwaambia?"

Hakuna aliyewaambia, ndugu zangu. Lakini mwanamke yule alihisi kama kuna mtu amechungulia mbabula yake kwa miaka yote na kuandika alichokiona.

Walirudi Kasungami. Walipofika, Hortense hakuvua kitenge. Alisimama katikati ya uwanja, chini ya kamba ya nguo, mashati ya Merdi yaliyofuliwa na Myriam yakining'inia juu yake.

"Merdi. Ulijua?"

"Mama, ilikuwa mchezo tu..."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Uliniona naandikisha ku ubao. Uliniona nakamata kipaza sauti. Juu ya nini haukuniambia?"

Merdi alikuna kichwa. Hakuwa mtoto mwovu. Alikuwa hajazoea kuulizwa kitu kinachohitaji jibu, basi akajibu ukweli. "Ningekuambia, ungeacha kunipikia yai."

Lile lilimwingia Hortense kuliko kicheko chote cha ukumbini. Papa Faustin, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha kichwa. Na Myriam, ambaye hakuwa na desturi ya kujibu, akasema kutoka kwenye ngazi: "Miye ile yai sijaionjaka, Mama. Hata siku moja."

Hortense alikaa chini pale pale, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mpaka majirani wakasogea kwenye uzio. Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri. Na mimi nawaambia, aliyeinuka pale si yule aliyekaa.

"Kesho asubuhi," alimwambia Merdi, "mbabula utawasha weye."

Kesho yake uwanja ulijaa moshi. Merdi alimwaga mafuta mengi, akaunguza vinyweleo vya mkono, makala yakakataa kushika. Hortense alikaa kwenye kigoda na mikono yake ameikalia, nawaambia ukweli, chini ya mapaja, ili isije ikanyanyuka yenyewe. Siku ile Merdi alikunywa maji akaenda kulala. Kesho yake makala yalishika. Wiki ile ile Myriam aliwekewa bidoni moja, Merdi matatu. Nguo zake akafua mwenyewe, shati jeupe likageuka bluu. Laurentine alipita akasema, "Mama Molikodo, umekuwa mukali! Utamwua mutoto!" Hortense akajibu, "Nilikuwa namwua zamani. Sasa naacha." Lakini msiseme haikumuuma. Kila Merdi alipokohoa, makaburi yale mawili yalikuja mbele ya macho yake.

Kisha Madame Nkandu alileta habari. Wakala mmoja wa forodha kule Sakania, kwenye mpaka, alihitaji kijana wa kuongea na madereva wa malori. Mwenye kazi aliitwa Patron Adrien, na masharti yake yalikuwa mafupi: majaribio mpaka mwisho wa mwezi, na siku ambayo mtu hawezi kufika kazini, aje aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Hataki simu ya mjomba wala ya shangazi.

Siku ya safari Merdi aliona mama yake amevaa viatu na amebeba mfuko, akadhani wanakwenda wote. Hata Papa Faustin alidhani hivyo. Walipofika kwenye basi, Hortense alimpa ule mfuko. Ndani mlikuwa na sufuria ndogo na ndoo ya unga wa mahindi, na ndani ya unga amefukia mayai ili yasivunjike njiani.

Merdi alitia kidole, akagusa yai. "Haukupika?"

"Utapika."

"Na haupande?"

"Sipande." Alimfunga kifungo cha shati, akakumbuka, akakifungua tena. "Enda, mutoto wangu. Mungu akuchunge."

Basi likaondoka. Hortense alisimama pale mpaka vumbi likatua.

Sasa fikeni nami kwenye Jumapili moja, kabla mwezi ule haujaisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati mchana kutwa. Hortense alikuwa jikoni, simu ikalia. Sauti ya Merdi ilikuwa imekwaruza.

"Mama, kuya unichukue."

Hortense alifungua sauti ya simu ili wote watatu wasikie. "Iko nini?"

"Jana nililowana kati ya makamyo ku mupaka. Nakohoa. Sikukula tangu asubuhi. Hii chumba iko baridi. Mama, kuya. Ao basi umupigie Patron Adrien, umwambie kesho siwezi. Weye unajua kusema."

Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yote yalipokutana. Akimpigia Patron Adrien, kazi imekwisha, na Merdi atarudi kwenye kile chumba cha Kasungami kungoja yai mpaka mama yake afe. Asipopiga, na kama kweli ni kifua? Alizika wawili. Nani kati yenu angekuwa na ubavu wa kukaa? Myriam alikuwa anamtazama. Papa Faustin alikwisha kuchukua koti la mvua, analishika tu, hajui ampe au asimpe.

Hortense alivuta pumzi. "Merdi, nijibu muzuri. Ukivuta pumzi, kifua inauma?"

Kijana hakuwahi kuulizwa. "Ngoja nivute," akasema. Wakamsikia anavuta. "Hapana. Ni koo njo inauma."

"Unahema muzuri?"

"Eyo."

"Homa?"

"Sina. Niko baridi tu."

"Sikiliza sasa. Ukianza kuhema mubaya, unagonga kwa jirani sasa hivi, unaenda dispensaire, na unaniita, nitakuya hata na miguu. Kama hauheme mubaya, kesho asubuhi unapita dispensaire weye mwenyewe, unasema fasi yenye inauma. Nyuma ya ile unaenda kwa Patron Adrien, unasema na kinywa yako. Miye simupigie."

"Mama!"

"Simupigie, Merdi." Neno halikurudi. "Mayai iko wapi?"

"Angali mu unga."

"Yote?"

"Yote."

Maskini, alikuwa amelala njaa karibu na ndoo ya mayai! "Washa mbabula," Hortense alisema. "Uiweke ku mlango, moshi utoke. Usikate simu."

Basi wakakaa hivyo, mama Kasungami na mwana Sakania, na mvua ikinyesha pande zote mbili. Wale watatu wa Kasungami walisikia kiberiti, wakasikia kikohozi, wakasikia makala yanamwagwa. Walisikia tusi dogo la Kiingereza alilofundishwa na madereva. Kisha sufuria.

"Mayi inaanza kutoa povu kidogo," Merdi alisema. "Niepue?"

"Usiepue. Acha itokote."

"Mama, weye ulikuwaka unaepua."

"Najua vile nilikuwaka nafanya!" Hortense alipaza sauti mpaka kuku wakashtuka. Kisha akaishusha. "Acha itokote, mutoto wangu. Itokote kabisa. Isogeze simu nisikie."

Akasikia. Ile sauti ya maji yanayogongagonga chuma, ambayo jikoni mwake alikuwa anaikimbia kila siku kabla haijakomaa.

"Sasa tia yai, na kijiko, polepole."

"Aïe! Mama, nimeungua!"

Hortense aliruka kutoka kwenye kigoda, hata mlango akaufikia. Alisimama pale. Kisha akarudi, akakaa.

"Pole, mutoto wangu. Weka kidole mu mayi ya baridi. Yai iko namna gani?"

"Iko... inacheza mu mayi."

"Muzuri. Iache icheze."

Alipokata simu alikuwa analia tena, lakini alilia huku ananyanyua sufuria. Alimgeukia Myriam, akachukua yai kwenye kikapu, akasimama nalo mkononi bila kujua la kufanya.

"Myriam. Weye unapendaka yai ya namna gani?"

Msichana alifikiri kwamba mama anamtania. Alipoona hatanii, akasema kwa haya: "Ya kukaanga, Mama. Na tomati."

Miaka kumi na saba, ndugu zangu, chini ya bati moja. Hortense alikata nyanya mwenyewe, na jioni hiyo Papa Faustin, alipoomba chumvi, alisema "Mama Myriam" badala ya "Mama Merdi" kama alivyozoea. Hakuna aliyemsahihisha.

Kesho yake Merdi alikwenda zahanati. Muuguzi alimuuliza inauma wapi, naye akanyoosha kidole kooni. Ilikuwa mafua. Akaenda kwa Patron Adrien na kidole kimefungwa kitambaa, akasema kwa mdomo wake kwamba anaumwa koo lakini anaweza kuandika, asipige kelele tu kati ya malori. Patron akamweka mezani siku mbili. Mwisho wa mwezi akamwambia abaki.

Msidhani amekuwa malaika. Hata baada ya hapo alijaribu. Siku moja dereva wa basi alishusha kwenye kibanda cha mayai gunia kubwa kutoka Sakania. Hortense akalifungua: nguo chafu za Merdi, na pakiti ya sabuni juu yake. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akalifunga gunia lile lile, akalipandisha kwenye basi lile lile, likarudi Sakania kama lilivyokuja. Alibakiza sabuni.

Na ubao? Laurentine alimshauri aufute, kwamba watu wanamcheka. Hortense alikataa. Ubao uko pale mpaka leo, rangi nyekundu imepauka kidogo. Mama yeyote anayesimama kununua mayai akauliza molikodo ni nini, Hortense anamwekea kigoda, anamsimulia yote, hata ukumbi, hata aibu, haruki kitu. Kisha anamuuliza: "Na weye, mutoto wako anajua kuwasha mbabula?"

FUNZO

Wazazi, hofu yenu mnaijua wenyewe, na sitawaambia muitupe. Aliyezika mtoto hawezi kuambiwa asiogope. Lakini hofu ikae kwako, usimvalishe mtoto kama sweta mpaka mwili wake usahau baridi ni nini. Dawa uliyompa akiwa mgonjwa, msimamishie akipona. Mwache ajibu daktari. Mwache aseme na mkubwa wake wa kazi. Akiungua kidole, mpe pole, na umwache amalize kupika. Siku yako ya kuondoka duniani ipo, na siku hiyo hatakuwa na nambari ya kukupigia.

Nanyi vijana mnaojua kwamba mnalelewa kupita kiasi na mnanyamaza kwa sababu yai ni tamu: kunyamaza kwenu kulimsimamisha mama wa watu mbele ya ukumbi mzima achekwe. Semeni mapema.

Na katika kila nyumba yenye mtoto anayebembelezwa, tafuteni yule mwingine, anayebeba maji. Muulizeni leo, kabla jua halijazama, yai lake analipenda namna gani. Kama hamjui jibu, basi mjue ubao ule wa Kasungami umeandikwa jina lenu pia.